Mluzi wa Laptopu ya Kaka

Asubuhi ile VPN ilikuwa inashika na kuachia, kama mtu anayesinzia kitini. Ni ile njia ya faragha kwenye intaneti inayounganisha ofisi yetu ndogo na makao makuu. Bila hiyo oda za dawa za zahanati hazifiki ghala kuu, na lori haliondoki. Nilibofya "Unganisha", kufuli ndogo pembeni mwa kioo ikawa ya kijani, nikashusha pumzi, ikarudi kijivu. Nikabofya tena. Feni ilizunguka polepole, mwanga wa dirishani ukitambaa juu ya meza iliyokuwa ya kaka yangu, nami nikajiona kama niko chini ya maji, nasikia watu wakizungumza huko juu.

Kaka ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta zetu. Ofisi nzima ilimwita Waya. Alipofariki, hakuna aliyegusa mipangilio yake. Kompyuta ya oda iliendelea kuingia makao makuu kwa jina lake, na mimi mdogo wake nikapewa kiti chake.

"Dada, vipi, tumelala au tumekufa?" dereva wa lori aliuliza kutoka mlangoni, kisha akajiziba mdomo. "Nisamehe. Ulimi hauna mfupa."

"Usijali. Ngoja kidogo."

"Nimengoja mpaka lori limeota ndevu."

Nilizima ruta nikaiwasha. Nikabadilisha kebo. Nikatazama saa ya kompyuta, maana kaka alikuwa akisema saa ikipotoka, VPN hukukataa kama askari wa getini asiyekupenda. Saa ilikuwa sawa. Nikaiondoa programu nzima, nikaiweka upya. Kijani, kijivu.

Nikampigia fundi wa makao makuu. Sisi humwita Bwana Jaribu Tena.

"Jaribu tena," akasema.

"Nimejaribu mpaka kidole kimeota sugu."

Nikamsikia akibonyeza vitufe. "Subiri, dada. Naona jina la Waya linaingia kutoka sehemu mbili, na mfumo hauruhusu jina moja kuingia mara mbili. Ukiingia wewe, mwenzako anasukumwa nje. Akirudi yeye, unasukumwa wewe. Mnapokezana tangu asubuhi."

"Mwenzangu yupi?"

"Yuko kwenye laini ya nyumbani kwenu. Na hiyo kompyuta... ni laptopu ya Waya."

Dereva alikuwa amesogea akasikia yote. "Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," akanong'ona. "Huyu mbona lake lipo?" Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Nenda ukaangalie," akasema Bwana Jaribu Tena. "Lakini leo lazima nilifunge hilo jina, dada. Jina la marehemu likibaki wazi, mwizi yeyote atapita nalo. Wewe nakufungulia lako."

Dereva akakaa kitini pangu. "Nenda, mimi nitabofya. Nimeona unavyofanya."

Nyumbani ni mtaa wa pili. Nilitembea nisione barabara. Mama alikuwa chumbani kwa kaka, ameketi kitandani, ameipakata laptopu juu ya mto. Nilikuwa navua viatu niliposikia mluzi wa sauti mbili, ya pili ikipanda. Ndio mluzi aliokuwa kaka akiupiga getini ili tumfungulie. Aliurekodi, akauweka kwenye laptopu umjulishe kila inapojiunganisha na makao makuu, yeye akiwa bado ananyoa ndevu.

"Umesikia?" mama akasema, bila kugeuka. "Leo amekuja mara nyingi. Siku zote nafungua alfajiri, anapiga mara moja, nafunga. Leo mkono umekataa kufunga. Naye hatulii, akinyamaza kidogo anarudi."

Nikakaa sakafuni. Kila nilipobofya kule ofisini nilikuwa namsukuma nje, na kila aliposukumwa alirudi hapa, kwenye magoti ya mama, akipiga mluzi.

Nikamweleza. Alisikiliza amefumba macho.

"Kwa hiyo nikiwa naye hapa, dawa za wagonjwa haziendi."

"Haziendi, mama."

"Na wakilifunga jina lake, hatapiga tena."

"Mluzi wenyewe umo humu humu. Nitakuwekea kwenye simu, uusikilize wakati wowote."

"Huo nitakuwa naupiga mimi, mwanangu. Huyu anakuja mwenyewe."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Bwana Jaribu Tena, anasema jina langu liko tayari, akishalifunga la kaka dereva ataacha kubofya kwa hilo la zamani na kuingia kwa langu. Mama akanyoosha mkono nimpe simu.

"Wewe ndiye unayefunga?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Pole sana."

"Marahaba. Ulimjua mwanangu?"

"Kwa sauti tu, mama. Tulizungumza karibu kila siku. Hatukuwahi kuonana."

"Basi tuko sawa. Mimi pia sasa namjua kwa sauti." Akaipapasa laptopu. "Ngoja kidogo. Mwache aje mara moja tena."

Fundi akangoja. Tukangoja wote watatu, pazia likijaa upepo na kunywea. Kisha mluzi ukaja. Mama alibana pumzi mpaka sauti ya pili ilipopanda na kuishia.

"Funga," akasema.

Kufuli kwenye kioo cha laptopu ikawa kijivu. Laptopu ikajaribu, ikajaribu, bila sauti. Punde dereva akapiga simu, anapayuka: "Dada, kijani! Imetulia! Oda zimekwenda zote!"

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Dawa zinapakiwa."

"Na sasa wanaingia kwa jina la nani?"

"Langu, mama."

Akaniangalia kwa muda, kama ndiyo kwanza ameniona nimeingia. Akaifunika laptopu, akaiweka kando ya mto.

"Basi rudi kazini, watu wasikusubiri," akasema. "Na jioni ukija, piga hodi kwa nguvu. Nitakuwa nasikiliza."