Babu wa Kwenye Simu

Kila kipupwe kikishika, kinyozi alifunga duka lake kwa wiki moja akaenda kijijini kumwona baba yake. Wateja walimtania kwamba anakimbia baridi kwa kuifuata ilikozaliwa, maana kule kwa mzee, juu vilimani, ukungu uliingia mpaka jikoni na maji ya ndoo yalichoma mikono kama moto. Yeye alicheka tu. Mama yake alikuwa amefariki miaka minane iliyopita, na mzee, mwashi mstaafu aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji kile, aliishi peke yake na kuku saba na ulimi wake mkali.

Safari hii alimkuta kibarazani amejifunika blanketi mbili, shali imezungushwa shingoni mara tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Mkeo amegoma kupika?"

"Hajambo, anakusalimu. Sauti yako imefanya nini?"

"Baridi," alisema mzee. Sauti ilikwaruza kama mchanga unaochekechwa.

Kesho yake jua lilichungulia kidogo. Kinyozi akatoa kiti nje, akapasha maji, akachanganya povu. Hapo ilibidi shali itoke, na mzee akaanza visingizio.

"Leo punguza kichwani tu. Ndevu ziache."

"Ndevu zimekuwa kichaka, baba. Ndege watataga humo."

Mzee akacheka, akasahau kujilinda. Kinyozi alipomwinua kidevu kwa vidole, akaukuta. Chini ya taya, upande wa kushoto, kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau dogo, mgumu, usiosogea ukiusukuma. Mkono wake ukasimama. Miaka ishirini na mitano alikuwa ameshika shingo za watu. Alijua majipu, alijua tezi za mafua, alijua makovu ya ugomvi ambayo wenyewe walisema ni ya kuanguka. Hiki hakikuwa kimojawapo.

"Hiki ni nini?"

"Tezi tu. Nyoa."

"Tangu lini?"

"Nyoa, mwanangu. Povu linakauka."

Akanyoa, akiuzungukia uvimbe kwa wembe polepole. Jioni, wameukumbatia moto, akasema lazima waende hospitali kubwa mjini. Akajiandaa kwa vita. Kwanza, mzee hakupenda hospitali. Pili, mjini alikuwako binti yake, na hilo lilikuwa gumu kuliko hospitali yenyewe.

Yule binti, mdogo wake kinyozi, alichelewa mazishi ya mama yao. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto hakuishi, na alipopata nguvu ya kusafiri, kaburi lilikuwa na siku tatu. Mzee, akiwa amechanganyikiwa kwa msiba, alimwambia mbele ya waombolezaji: "Umekuja kumzika nani, sisi?" Binti akageuka na mkoba wake bado begani. Tangu siku ile kinyozi hakuwahi kumsikia baba yake akimtaja hata kwa bahati mbaya.

"Tutafikia kwa dada," alisema, akisubiri mlipuko.

"Haya," alisema mzee. "Tupitishe kuku kwa jirani kwanza."

Kinyozi akashindwa kulala vizuri kwa urahisi ule.

Walisafiri kwa treni siku nzima, dirisha moja halifungi, baridi ikiingia kama mwenye tiketi. Mzee alisinzia begani kwake. Kinyozi alitumia safari nzima kutunga maneno. Alijiona mshenga wa watu wawili wasiotakana: angeanza na salamu, angetaja mama, angeomba kila mmoja ameze lake. Alipompigia dada yake simu kumwambia wanakuja, dada alinyamaza kitambo kirefu kisha akasema, "Njooni." Yeye aliusoma ukimya ule kuwa hasira.

Dada alikaa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imekufa. Kila ngazi ilipopinda mzee alisimama, akapapasa ukuta, akajifanya anakagua kazi. "Aliyepiga lipu hii alikuwa na haraka ya kwenda kula," alisema huku akitafuta pumzi.

"Hodi wenye nyumba!" aliita walipofika.

Mlango ukafunguliwa na binti wa miaka sita mwenye soksi zisizofanana. Akamtazama mzee, akapiga kelele: "Mama! Ni babu! Babu wa kwenye simu amekuja!"

Akamshika mzee mkono akamvuta ndani. Dada akatoka jikoni, mikono ina maji, akaipokea mikono ya baba yake yote miwili.

"Zile soksi za sufu zilikutosha?"

"Zinabana kidogo kisigino."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba radhi. Kinyozi alisimama mlangoni na mizigo, hotuba imemfia mdomoni.

Baadaye jikoni alimuuliza dada yake tangu lini. "Mwaka juzi," alisema. "Alinipigia Jumapili moja jioni, akasema alikosea. Tangu hapo kila Jumapili."

"Na mimi?"

"Alisema tusikwambie kwanza, usije ukatufanyia sherehe."

Kinyozi akacheka. Ilimchoma kidogo, lakini alilala na furaha usiku ule.

Asubuhi walikwenda hospitali. Dada alifanya kazi hapohapo, katika chumba cha kufulia mashuka, na kila mtu kwenye korido alimjua, hivyo hawakusubiri sana. Daktari, mama wa makamo mwenye mikono ya baridi, alipapasa shingo ya mzee polepole.

"Uvimbe huu una muda gani?"

Mzee alitazama sakafu.

"Mwaka na miezi miwili," alisema dada.

Kinyozi alimgeukia. Dada hakumtazama.

Mzee alipopelekwa kupigwa picha, kaka na dada walibaki kwenye ngazi za nje, upepo ukiwapiga.

"Ulijua."

"Sauti yake ilibadilika kwenye simu. Nilimbana akasema. Nikamsihi aje, kila wiki, kaka, kila wiki. Akaniapisha nisikwambie. Alisema nikikwambia, hatapiga tena."

"Ukakubali!"

"Nilikaa miaka sita sina baba. Nikaanza kumpata kidogo kidogo, Jumapili kwa Jumapili. Niliogopa."

"Kwa hiyo ulimficha ili umpate," alisema kinyozi. "Sasa tutamkosa sote."

Alijua neno limekwenda mbali. Hakulirudisha. Dada akaingia ndani, na kwenye mlango wa vioo alimwona akijifuta uso kwa mkono wa koti.

Majibu yalikuja siku ya tatu. Ilikuwa saratani. Uvimbe ungekatwa, alisema daktari, lakini umeshapeleka watoto mapafuni, na hao wangejaribu kuwaua kwa dawa. Kinyozi alikaa kitandani kwa baba yake.

"Kwa nini ulimwambia yeye, si mimi?"

"Wewe ungefunga duka siku hiyohiyo, ukanibeba mzobemzobe."

"Ndiyo!"

"Niliogopa kisu, mwanangu. Nimepanda majengo bila kamba, lakini kisu nilikiogopa." Mzee akameza mate kwa taabu. "Tena tulikuwa ndiyo kwanza tunazungumza, mimi na dada yako. Sikutaka anisamehe kwa kunihurumia. Usimlaumu. Nilimfunga mimi."

Upasuaji ulifanyika, mzee akazinduka salama, na ikaamuliwa abaki mjini kwa ajili ya dawa. Kinyozi alikuwa amezidisha siku tano, ilibidi arudi dukani kwake, mwendo wa saa tatu kwa treni. Dada alimsindikiza stesheni. Walitembea, mvua ya manyunyu ikilowanisha mabega yao.

Treni ilipoingia, dada akasema, "Sema chochote basi."

"Sijakusamehe bado."

"Najua."

"Nitakuja Ijumaa."

"Njoo," alisema dada. "Hata ukiwa umenuna, njoo. Chakula kitakuwepo."

Ijumaa akaja, amenuna kweli, na Ijumaa iliyofuata pia. Ilikuwa ya nne, mzee amelala na dawa zimemchosha, ndipo kinyozi alipoinuka akaenda jikoni, akachukua taulo, akaanza kufuta vyombo alivyokuwa anaosha dada yake.