Rangi Chini ya Landrova

Mdogo wangu Kasmiri anaweza kupiga mswaki huku nyumba inaungua. Sisemi kwa chuki. Nilimbeba mgongoni huyo, namjua.

Siku tulipomaliza matanga ya baba hapa Bariadi, alisimama mbele ya wajomba na baba wadogo, mikono nyuma kama diwani, akatangaza: "Nikiwa hai, mama hatapanda gari la kukodi. Landrova ya baba nitaifufua, na safari yake ya kwanza ni Ipililo, kwa mama mkubwa!" Wajomba wakapiga makofi. Mama akalia kwa furaha. Mimi nikaendelea kuosha sufuria.

Mama mkubwa ni Felisita, dada yake mama, ndugu pekee wa kike aliyembakia. Alikuwa kitandani, macho hayaoni, na ukimpigia simu unasikia kikohozi tu. Mama naye nyonga yake mbovu, pikipiki hawezi. Alikuwa anataka jambo moja tu duniani: amshike dada yake mkono kabla hajafa.

Ugonjwa wa Landrova ulikuwa kwenye giaboksi. Gia ya tatu ilikuwa inaruka, na baba aliendesha miaka na miaka akiizuia kwa goti. Fundi Ndaki akaishusha, akaifungua, akabadilisha beringi na gia zilizolika meno, akaifunga. Wala hakuchukua muda.

"Tuipandishe sasa, mama asafiri," akasema.

Weee! Kasmiri akaruka. "Irudi ilivyo chafu hivi? Hili ni gari la klasiki!"

Klasiki! Mtu aliyekulia Lalago nyuma ya mikia ya ng'ombe, anayekula dagaa wa Lamadi ninaowauza mimi sokoni, leo ana klasiki. Akaibeba giaboksi kwa toroli hadi uani kwetu, akaiweka juu ya meza yangu ya kuanikia vyombo. Akaisugua kwa brashi ya waya, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, kisha akaiosha kwa petroli, ndipo akaipulizia rangi ya silva. Rangi ikikauka, anaona punje ya vumbi, anaikwangua yote na kuanza upya. Bolti nazo akazing'arisha moja moja. Kila jioni anapiga picha, anawatumia watu wa kundi lake la WhatsApp la magari ya zamani, watu ambao hata Simiyu hawajui iko wapi, nao wanamrudishia dole gumba. Bwana mkubwa anaangalia simu, anacheka peke yake.

"Kasmiri," nikamwambia, "hicho kitu kinakaa chini ya gari. Nani atakiona? Kuku?"

"Dada, kazi nzuri ni nzuri hata isipoonekana."

"Mama mkubwa anakufa!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mpumbavu wewe!"

Nikaenda kwa jirani yetu Mayige, mwenye gari la kukodisha aina ya Noah, nikamleta hadi mlangoni. Mama akaitazama ile Noah, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

"Nikipanda hiyo, mwanangu atakuwa amesema uongo mbele ya kaka zangu," akasema. "Watamwitaje?"

"Watamwita jina lake, mama!"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, Stephania."

Nikamwomba Mayige radhi, akaondoka. Nililia kwa hasira siku hiyo. Ndivyo tulivyo sisi: heshima ya mtoto wa kiume inabebwa na mama yake, hata akiwa na nyonga mbovu, na mtoto mwenyewe yuko uani anapuliza rangi.

Kisha mvua zikaanza. Rangi ikagoma kukauka, na Kasmiri akakaa analisubiri jua, miguu juu ya stuli. Jua lilipotoka, giaboksi ikang'aa mpaka unaona meno yako. Ndaki akaja kuipandisha, akitikisa kichwa.

Tukaondoka asubuhi. Mama alivaa kitenge kipya, amepakata kibuyu cha samli ya kumpelekea dada yake. Sitamnyima mtu haki yake: gia ya tatu iliingia bila ubishi.

"Unasikia, mama? Kimya kabisa!"

"Nasikia, mwanangu."

Baada ya Maswa tukaacha lami, tukaingia mbugani, kwenye ardhi ya mfinyanzi. Tope jeusi la huko halina adabu. Tulisukumwa na vijana, tukateleza, tukasukumwa tena, na simu hazikushika mtandao.

Ipililo tukakuta turubai limefungwa uani. Luhaga, mtoto wa mama mkubwa, akatupokea kwenye gari.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mama, sauti imekauka. "Amekata roho leo asubuhi. Jana kutwa alikuwa anauliza kama mdogo wake Anna amefika."

Nilisubiri mama apige yowe. Hakupiga. Akamkabidhi Luhaga kile kibuyu, akashuka taratibu, akamgeukia mwanawe. Wajomba walikuwa wamekaa pale pale chini ya turubai, walewale waliopiga makofi.

"Kasmiri, nionyeshe."

"Nini, mama?"

"Hiyo uliyokuwa unaipaka rangi. Nataka kukiona kilichonichelewesha."

Kasmiri akanitazama. Nikatazama pembeni. Akalala chali kwenye tope na shati lake jeupe, akajisukuma chini ya gari. Mama akanishika bega, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akachungulia. Tope la mbugani lilikuwa limeganda kote huko chini, toka mbele hadi nyuma. Kasmiri akafuta kwa kiganja, kisha kwa mkono wa shati. Tope likasambaa tu.

"Sioni kitu, mwanangu," mama akasema.

Akaniomba nimpeleke ndani kwa dada yake. Tulipofika mlangoni niligeuka. Kasmiri alikuwa bado yuko chini ya gari, anafuta.