Transfoma Iliyosingiziwa Kifo

Mkokoteni wa vyuma chakavu ulikuwa mlangoni, na Baba Mdogo alikuwa keshamwambia mwenye mkokoteni abebe. Abebe nini? Amplifaya ya gitaa ya Mama! Fundi alipotoka jikoni akamkuta mtu baki kaikumbatia, damu ikamchemka.

"Weka chini."

"Dada, nimeambiwa nichukue."

"Na mimi nakwambia weka chini!"

Fundi huyu ni binti wa pekee wa Mama, anatengeneza redio na spika sokoni. Mama alipiga gitaa kwenye bendi miaka ishirini. Amplifaya ilipozimika, miaka minne iliyopita, shemeji yake, huyu Baba Mdogo, fundi wa kuogopwa enzi zake, aliifungua, akaifunga, akatangaza: transfoma imeungua, na za aina ile hazipatikani tena. Nani angembishia? Mama akalisukuma gitaa nyuma ya kabati, na tangu hapo hata kuimba jikoni akaacha. Watu wakasema uzee. Uzee wapi, mtu wa miaka hamsini na sita! Hata Fundi hakuwahi kuigusa mashine ile, kwa sababu aliyetoa hukumu ndiye aliyemfundisha kazi. Leo alijionea aibu.

"Baba Mdogo, nipe saa moja."

"Ya nini? Nikisema imekufa, imekufa."

"Kama ulinifundisha vizuri, maiti nitaijua nikiiona."

Mwenye mkokoteni akaangua kicheko, akaketi juu ya mkokoteni wake. Yeye hakuwa na haraka.

Fundi akafungua mgongo wa amplifaya. Kwanza akamaliza umeme uliolala kwenye kapasita, maana mashine hizi za zamani hung'ata hata zikiwa zimechomolewa. Kisha akatoa fyuzi. Lahaula! Ilikuwa imeungua, halafu mtu akaivisha karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite kwa nguvu. Baba Mdogo akakohoa, akatazama dirishani.

Fundi akaweka fyuzi mpya, akaupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida ya chumbani. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zake zote na mashine inanusurika. Akachomoa valvu zote, zile taa za kioo, akawasha. Balbu ikawaka mara moja, ikafifia, ikabaki na uzi mwekundu tu.

"Nzima!" akapiga kelele. "Transfoma nzima kabisa!"

Akarudisha valvu moja moja. Ndogo zote zilikuwa na adabu zao. Katika zile kubwa nne, ya tatu ilipoingia, balbu ikawaka chumba kizima kikang'aa. Mwizi kapatikana. Akaitoa pamoja na mwenzake wa upande wa pili ili mzigo ulingane. Mbili zilizobaki zingetosha kwa nusu ya nguvu.

"Karatasi hii ni yako, Baba Mdogo?"

"Siku ile ilipozimika, ukumbi ulijaa watu," akasema yule mzee. "Fyuzi ziliniishia. Nilidhani itafika mwisho wa shughuli. Ikatoa moshi. Sasa ningemwambiaje mama yako kwamba mimi ndiye niliyeiunguza?"

"Ungeniambia hivyo hivyo," akasema Mama.

Alikuwa amesimama nyuma yao, gitaa mkononi, machozi yanamtoka na hana habari nayo.

"Nilikufuata mara tatu, shemeji. Mara ya tatu ukaniambia nikubali uzee, nilee wajukuu. Wajukuu gani? Huyu hata mchumba hana!"

"Mama!" akasema Fundi.

"Nisamehe, shemeji," akasema Baba Mdogo. "Ila piga taratibu, majirani wasije..."

Mama akachomeka waya, akafungulia sauti mpaka mwisho. Nusu ile ile ya nguvu ikatikisa vioo vya madirisha. Vidole vikateleza, akakosea, akatukana, akaanza upya. Baba Mdogo akanyatia mlango.

"Hutoki," akasema Mama bila kuinua macho. "Kaa. Nina miaka minne ya kupiga, na huu ndio wimbo wa kwanza."