Hasara Nayo Tugawane

Tanuri la mikate lilipasuka asubuhi, unga uliokandwa ukiwa umeshaanza kuumuka. Dada mkubwa, ambaye yeye na wadogo zake watatu waliachiwa kiwanda na marehemu baba, aliwaita wote.

"Tuamue upesi," aliwaambia. Hakujua anajitafutia balaa.

Mdogo wa kwanza, karani wa benki, alitaka mkopo. "Tulipe riba, tupunguze wafanyakazi wawili, tusonge mbele. Biashara si sadaka."

"Yaani wao wakose kazi, wewe unone," alidakia wa pili, aliyeitwa Komredi tangu ujana. "Kiwanda kiwe cha wote wanaokanda. Kila mtu apate kadiri ya mahitaji yake."

"Na mahitaji yako atayapima nani?" aliuliza karani.

Wa tatu, mwalimu wa madrasa, alikohoa. "Mali ni amana. Kumiliki ruhusa, ila maskini ana haki yake humo. Riba ni haramu. Tutie mtaji, faida tugawane, na hasara tugawane."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Unga ukachacha. Dada aliubeba mwenyewe kwenda kuumwaga. Wao walisogeza miguu apite, wakaendelea.

Aliporudi uvumilivu ulikuwa umemwisha. "Domo halijengi tanuri. Nani anatia fedha?"

Karani akasema zake ziko kwenye hisa. Komredi akasema ana mikono. Mwalimu alikuwa na akiba.

"Nitatia mimi," akasema.

Tanuri likajengwa, wafanyakazi wakabaki. Lakini mvua ikavujia stoo, magunia ya unga yakaloa. Mwalimu akaja mlangoni, macho chini.

"Dada, nirudishie nilichotia tu. Faida sitaki."

"Mtaji wako uwe salama, hasara tubaki nayo sisi? Sasa wewe na benki mna tofauti gani?"

Karani na Komredi wakacheka, mara ya kwanza kukubaliana.

"Nyinyi mnacheka nini? Mmetia nini?" dada aliwageukia.

Mwalimu alikunja mikono ya shati, akaingia stoo, akaanza kutoa magunia. Wiki nzima alimjibu dada yake kwa mkato, lakini fedha hakuziulizia tena.

Faida ilipoanza kuingia, wote watatu walifika kubishana namna ya kuigawa. Dada aliwasikiliza kidogo, akampa kila mmoja chekeche.

"Semeni," alisema, "lakini unga uchekechwe."