Beringi za Mzee Baudry

Anselme Baudry alijijua fika kwamba ni mwoga. Nyumbani, mkewe ndiye aliyepanda ngazi kuchuma matunda. Yeye aliishika kwa chini na kutoa amri. Lakini katika karakana ya injini za ndege ya mjane Vuillard, nje ya mji wa Reims, mwaka ule wa 1911, mwoga huyu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kila beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, iliyoletwa na wauzaji ilipitia kwake. Aliifunga kwenye mashine ikazunguka, akauma kijiti, ncha ya pili akaigusisha kwenye beringi, akafumba macho kama padri. Gololi zikiwa na dosari, mkwaruzo ulipanda na kijiti hadi kwenye meno. Kwa Baudry haukupanda mara nyingi. "Safi!" alisema, akagonga muhuri, akaenda kula.

Kisha injini moja ikazimika angani kwa beringi iliyovunjika, na rubani Fernand Lescure akajikuta ametua katikati ya shamba la ngano. Madam Vuillard akatoa amri: agongaye muhuri ndiye atakayepanda na rubani siku ya kuijaribu injini.

Tangu hapo Ufaransa ikaishiwa beringi nzima. Za Jumatatu zilikwaruza, za Jumanne zikakwaruza, hata za yule muuzaji aliyemletea jibini kila Krismasi. Na Baudry hakuwa akidanganya, alizisikia kabisa. Alianza hata kujisifu moyoni kwamba masikio yake yanazidi kunoleka uzeeni.

"Mzee Baudry," alisema Madam, "kesho usiponipa beringi nzima, nitatafuta mkaguzi mwingine, na wewe utatafuta kazi nyingine."

Kesho yake Baudry aliuma kijiti mbele ya karakana nzima, macho kayafumba.

"Mbovu!" alisema kijiti kikiwa mdomoni. Fernand akanyoosha mkono taratibu, akaizima mashine. Baudry akaendelea: "Mnaisikia? Ndiyo kwanza inazidi!"

"Mzee, mashine imezimwa," alisema Fernand.

Baudry akafumbua macho. Beringi ilikuwa imesimama kimya. Yaliyokuwa yakikwaruza ni meno yake, yakitetemekea kwenye kijiti kwa hofu ya kupanda ndege. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka kuwashinda.

"Basi nirudisheni mimi kwa muuzaji," alisema. "Gololi zangu zimeisha."

"Mkuki kwa nguruwe, Mzee!" Fernand alijifuta machozi ya kicheko. "Zile za zamani, ulizoziita safi, safi, ulidhani anaruka nazo nani?"

Ulikuwa utani tu, lakini kicheko kilimkauka Baudry. Aliona aibu. Zipo siku ambazo hata kijiti hakukiuma, kisa supu inapoa.

"Ndege yako ina beringi zipi sasa?"

"Zako za tangu masika."

"Zifungue. Zote."

Zilipofunguliwa, Baudry akajifunga taya kwa skafu kama mgonjwa wa jino ili meno yatulie, akazisikiliza moja baada ya moja. Kwenye ya mwisho akainua mkono.

"Zima."

Fernand akaizima mashine. Safari hii mkwaruzo nao ukakoma.

Fernand aliitazama beringi ile, yenye muhuri wa Baudry, asicheke. Baudry akaichukua ile mpya ya asubuhi, akaisikiliza nayo, haikukwaruza, akaigonga muhuri, akafungua skafu, akaomba koti la kurukia, meno yakigongana.