Kurasa za Mwisho za Mwalimu Liévin

Musoki hakuwa mtu wa kuogopa maiti, mradi ziwe za kwenye karatasi. Kila Jumamosi alasiri aliketi mbele ya kipaza sauti cha redio moja ndogo mjini Bunia, akaeleza riwaya za upelelezi: nani kauawa, nani anashukiwa, na kama mwandishi kafanya kazi yake au kalala usingizi. Baba yake, aliyehamisha duka na familia nzima kutoka Butembo, hakuchoka kumtania. "Wenzako banauzisha sukari," alimwambia, "weye unauzisha maiti."

Kazi hiyo alikuwa na namna yake ya kuifanya. Kila kitabu alikipa Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza alikuja akiwa amesoma nusu tu, kwa makusudi, na kurasa zilizobaki amezibana kwa kibanio cha kuanikia nguo asije akashawishika kuchungulia. Alisoma mwanzo hewani, akataja wanaoshukiwa, kisha akawaacha wasikilizaji wabahatishe muuaji pamoja naye wiki nzima. Jumamosi ya pili, akiwa amemaliza, alitoa hukumu yake juu ya kitabu. Ila jina la muuaji hakulitaja kamwe. Mwenye kutaka kulijua akanunue kitabu, mwandishi naye apate kula.

Safari hii mwandishi alikuwa mtu wa hapa hapa. Mwalimu Liévin alikuwa amekimbia Djugu wakati wa vita, na sasa alifundisha Kifaransa kwenye shule moja ya mtaa wa Bigo. Riwaya yake, Nyuma ya Mashine, aliipiga chapa kwa kompyuta ya kuazima, akaitoa fotokopi, akaifunga kwa waya. Mnunuzi wa kahawa aitwaye Rémy anakutwa amekufa nyuma ya mashine ya kusaga unga. Wanashukiwa watatu: mwenye mashine, shemeji wa marehemu, na kadafi mmoja, yaani muuza petroli wa chupa kando ya barabara. Kadafi huyo mkono wake wa kushoto una vidole vitatu tu.

Musoki aliusoma mwanzo ule kwa raha zake zote. Alishusha sauti, akasoma jinsi maiti ilivyolala, jinsi ukosi wa shati ulivyochanika, jinsi kadafi alivyoficha mkono wake mfukoni alipoona watu wanakuja. Alichosahau ni jambo ambalo mtu wa Bunia hana ruhusa ya kulisahau. Kipindi chake kilifuata mara baada ya komunike, na wakati wa komunike mji mzima hutega sikio, maana hapo ndipo hutangazwa aliyekufa, aliyepotea na anayetafutwa. Komunike zenyewe alizisoma yeye. Siku ile fundi wa mitambo alikuwa ametoka kuhangaika na jenereta, kwa hiyo muziki wa kutenganisha haukupigwa. Basi watu walisikia matanga ya Nyankunde, wakasikia mbuzi aliyepotea, kisha kwa sauti ileile wakasikia maiti nyuma ya mashine na kadafi wa vidole vitatu.

Kadafi wa vidole vitatu alikuwepo kweli, hapo hapo Bunia. Aliuza petroli mtaa wa Lumumba, na jina lake lilikuwa Néhémie.

Mke wa Néhémie, Mama Dorcas, aliingia redioni siku chache baadaye akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Musoki alimvutia kiti.

"Karibu, mama. Ikala."

"Sitaikala. Ni weye ulisoma ile maneno ya kadafi?"

"Ni mimi."

"Batu ya pikipiki habasimame tena kwa bwana yangu. Jana bamepindua meza yake, mafuta yote ikamwangika. Banasema ni muuaji, radio ilimutaja."

"Mama, ile ni roman. Hadisi ya kutunga. Huyo Rémy hakuishi, hakufa."

"Weye ndiye unajua vile. Kule Lumumba iko batu banasema Rémy alikuwa mutu ya upande wao. Iko batu banasema banajua kaburi yake."

Upande. Redioni pande za vita vile hazikutajwa kwa majina, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Miaka ile silaha zilikuwa zimenyamaza na barabara zimefunguliwa, lakini sokoni watu walikuwa bado wanapimana kwa macho kabla ya kusalimiana. Néhémie alitoka upande mmoja. Mwalimu Liévin alitoka upande mwingine. Musoki, binti wa watu wa Butembo, hakuwa wa huku wala wa kule. Ndiyo sababu pande zote zilimsikiliza, na ndiyo sababu zilimwamini kupita kiasi.

Mama Dorcas aliinamisha kichwa. "Banasema batarudia. Na sasa haiko meza banatafuta, ni yeye. Unisaidie, mwanangu. Maliza ile hadisi. Sema jina ya muuaji, batu basikie kama haiko yeye."

"Samedi nitasema," Musoki alijibu. "Mbele ya mji wote."

Ahadi hiyo ya Jumamosi ilimtoka kabla hajaipima, lakini hakuijutia. Angevunja sheria yake, potelea mbali. Tena alikuwa na hakika. Katika riwaya ya upelelezi iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu, mtu anayeonyeshwa kidole tangu mwanzo huwa hana hatia. Msomaji yeyote analijua hilo. Mgeni wake alipoondoka tu, Musoki alichomoa kibanio, akasoma hadi mwisho bila kuinua macho.

Muuaji alikuwa kadafi.

Alirudia ukurasa ule, akidhani amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya. Mpelelezi anamkamata kadafi, kadafi anakiri kwa sentensi moja, kitabu kinaisha. Musoki alishikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha Bigo kwa miguu.

Mwalimu Liévin alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake cha kupanga, akipepeta maharagwe. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati safi lililochakaa. Alipomwona Musoki alitabasamu, akidhani ameletewa sifa.

"Mwalimu," Musoki alisema bila hata kumsalimia, "ule kadafi yako ulimutoa wapi?"

"Mu kichwa."

"Mwalimu!"

Liévin alitazama ungo wake. "Pale Lumumba. Ninapita pale kila siku nikienda soko. Ile mukono yake ilinibakia mu macho. Lakini nilibadilisha jina."

"Jina ulibadilisha, mukono uliacha. Sasa batu banataka kumuua, mwalimu. Mutu iko na bibi, iko na batoto. Bamemupindulia meza, na banasema batarudia."

Ungo ulitulia. Mwalimu alibadilika rangi, na Musoki aliona wazi kwamba habari zile hakuwa amezisikia. Tangu Jumamosi alikuwa akijisikia mwandishi tu.

"Kuja samedi kwa radio," alimwambia. "Useme kama ni ya kutunga."

"Batu bataamini?" Liévin aliuweka ungo chini. "Miye mutu ya upande huu, niandike muuaji ya upande ule, kisha niseme nilikuwa nacheza? Batasema ninajua kitu. Mpaka miye batanifuata. Acha, Madame Musoki. Tunyamaze. Batu batasahau."

Jean-Pierre, mkurugenzi wa redio, alisema maneno hayo hayo, ila yeye aliyasemea kwenye kiti cha kuzunguka. Alikuwa amewahi kuona redio ikifungwa kwa neno moja, na hakutaka kuona mara ya pili. "Samedi tupige muziki tu, Madame. Hapa kwetu kunyamaza ndiyo sécurité."

"Papa Jean-Pierre, nikinyamaza, ile hadisi batu bataimaliza benyewe. Na siye tunajua namna banamalizaka."

Mkurugenzi alikizungusha kiti chake kuelekea dirishani. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana pia, na Musoki aliondoka haraka kabla hajapata nafasi ya kuisema.

Sasa alijifunga kibwebwe. Alikisoma kitabu upya tangu neno la kwanza, na mara hii hakukisoma kwa raha. Alikisoma kama wakili wa mtu ambaye kesi yake inasikilizwa Jumamosi. Kila ushahidi aliugeuza na kuunusa. Kufikia Ijumaa alikuwa anatembea chumbani akiongea peke yake, na baba yake aliacha utani, akamletea chai.

Jumamosi, komunike zilipokwisha, alidai muziki mrefu kuliko siku zote. Kisha akafungua kipaza sauti.

"Wapenzi wasikilizaji, Nyuma ya Mashine ni riwaya. Rémy hakuzaliwa, kwa hiyo hakuuawa, na kaburi lake halipo. Sheria yangu mnaijua: sitaji muuaji. Leo naivunja. Mwandishi anasema muuaji ni kadafi. Na mimi, msomaji wa vitabu hivi, nasema mwandishi amekosea."

Fundi wa mitambo aliinua kichwa. Nyuma ya kioo, Jean-Pierre alisimama kutoka kitini.

"Muuaji alimkaba Rémy kwa ukosi mpaka shati likachanika. Mwandishi ndiye anayesema hivyo. Halafu mjane wa Rémy analichukua lile shati, anajiziba nalo uso, analia, na ananusa nini? Sabuni na jasho la mume wake, basi. Mama zangu mnaoishi na makadafi, mnisaidie. Nguo ya kadafi inanuka nini? Mikono yake, hata akioga asubuhi na jioni, inanuka nini? Mkono ule ukikushika ukosi, hutaitoa petroli kwa sabuni ya Bunia nzima. Mkono uliomkaba Rémy haukuwa wa muuza petroli."

Alikunywa maji.

"Tena. Jioni ile ile ya mauaji, barrière ya mtoni, kile kizuizi cha barabarani, ilikuwa imefungwa, na kadafi alilala ng'ambo na mitungi yake, askari wakimwona. Hilo pia mwandishi ameliandika mwenyewe, kwa mkono wake. Kisha kurasa za mwisho analisahau. Sasa hukumu yangu. Mwandishi huyu ana macho, na mwanzo wake ni mzuri sana. Lakini mwishoni alichoka kutafuta, akamshika mtu aliyekuwa karibu. Riwaya ya upelelezi isiyompata muuaji ni riwaya iliyoshindwa. Riwaya inayomsingizia mtu ni mbaya kuliko hiyo."

Simu ya studio iliita. Fundi alisikiliza, akafunika kinywa cha simu kwa kiganja. "Anasema ni mwandishi." Nyuma ya kioo Jean-Pierre alitikisa kichwa kwa nguvu. Musoki alimwona vizuri kabisa, akamwambia fundi amwingize hewani.

"Ni mimi niliandika ile kitabu," Liévin alisema. Alikuwa anahema. "Ile harufu ya shati, ni mimi niliiandika."

"Ndiyo, mwalimu. Ni weye ulimutetea kadafi. Sasa juu ya nini ulimukamata?"

Kimya. Redioni kimya kinatisha, na kila mtangazaji hukimbilia kukiziba. Musoki alikunja ngumi chini ya meza, akakiacha.

"Yaya yangu Michée, ndugu yangu mukubwa," sauti ilisema mwishowe, "balimuokota amekufa nyuma ya mashine. Mashine ya kweli, kule kwetu. Nimetafuta mwenye kufanya vile, miaka yote hii. Sikumupata. Nikasema, basi, mu kitabu nitamupata. Nikaandika, nikaandika, nikafika mwisho. Hata mule sikumupata. Na nilikuwa na lazima ya mutu."

Machozi yalimjaa Musoki. Alimwonea huruma mwalimu yule, na bado alimkasirikia, na hakuona sababu ya kuchagua kati ya hayo mawili.

"Mwalimu, nakuuliza mbele ya mji. Kadafi aliua?"

"Hapana. Hakuua. Mwenye kuua, miye sijue."

Jumatatu asubuhi Néhémie alipanga tena chupa zake Lumumba, mkewe akiwa nyuma yake. Musoki alikuwepo, kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani. Pikipiki zilipita, madereva wakageuza shingo, wakaongeza mwendo. Sheria za riwaya ni jambo moja. Kuwa wa kwanza kusimama ni jambo jingine.

Mwalimu Liévin alikuja kwa miguu kutoka Bigo, amevaa shati lake safi. Barabara nzima ilimtazama akivuka. Alisimama mbele ya meza.

"Nisamehe," alisema.

Néhémie aliiweka mezani chupa aliyokuwa ameshika. Alikuwa mtu mfupi, mzito wa maneno. "Nilisikia radio. Pole ya yaya yako," alisema. "Lakini bibi yangu halalake tena, na batoto yangu habaende masomo. Nisamehe, hiyo ni neno tu. Kuja huku nyuma ya meza, usimame na miye mpaka batu barudie kununua."

Mwalimu alizunguka meza, akasimama. Jua lilipanda. Mama Dorcas hakumpa kiti, wala yeye hakuomba. Jasho lilimlowesha mgongo, wanafunzi wake walipita wakanong'onezana, na wanaume wa upande wake mwenyewe walisimama ng'ambo ya barabara, mikono wameikunja kifuani. Mwalimu hakuondoka.

Mmoja wa wale wa ng'ambo hatimaye alivuka, akiisukuma pikipiki yake polepole. Alipofika mezani hakumtazama Néhémie hata kidogo.

"Mwalimu," aliuliza, "ni kweli huyu hakuua?"

"Hakuua."

Yule mtu aliisimamisha pikipiki kwenye stendi yake. Kisha akafungua kifuniko cha tangi.

"Basi litre moja."