Kumhamisha Halkano

Kila Jumamosi saa nane mchana, watu watatu walikutana katika chumba cha nyuma cha saiba ya Marete, duka lake la kompyuta na uchapishaji mjini Isiolo, wakacheza mchezo ambao hawakumjua mwingine pale mjini anayeucheza. Haukuwa wa simu wala wa karata. Mmoja alisimulia safari, na wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni, aliyeandikwa nguvu na udhaifu wake kwenye karatasi. Jambo likiwa gumu, walirusha dadu kuamua.

Marete ndiye aliyesimulia. Rahab, karani wa masijala aliyetoka Nyeri kaunti zilipoanza kuajiri, alicheza mganga. Ado, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kulamawe, alimcheza Halkano, kiongozi wa misafara ya ngamia. Kwenye karatasi ya Halkano, palipoandikwa ujasiri, palikuwa na kumi na nane kati ya ishirini. Kwa miaka mitatu waliyocheza, hakuna aliyemfikia.

Mwezi wa tatu, wezi wa mifugo waliingia shuleni kwa Ado alfajiri, wakifuata mbuzi waliolazwa ndani ya ua. Walimuua mlinzi, mzee Jirma. Ado alikuwa katika nyumba ya walimu, hakuguswa. Watu walimpa pole na kumshukuru Mungu kwa niaba yake. Rahab alikwenda hadi Kulamawe kuwapa rambirambi wafiwa, akamkuta Ado amekaa mbali na wenzake.

Ado alikosa Jumamosi tano. Katika wiki hizo Marete alipata kitabu kingine cha kanuni, akakichapisha chote. Kile cha zamani kilikuwa kimechanika, na isitoshe alikuwa amechoshwa nacho.

"Hiki vita vyake vinauma," alimwambia Rahab. "Wewe ni mtu wa mafaili. Tuhamishie wahusika."

Rahab alidhani ni kazi ya kunakili tu. Nguvu ilikuwa rahisi, aligawa kwa mbili. Wepesi na akili vilevile. Lakini kitabu kipya hakikuwa na ujasiri kabisa. Mahali pake palikuwa na hofu, na chini yake maswali matatu ambayo mwenye mhusika alipaswa kujibu mwenyewe: Anaogopa nini? Alimkimbia nani? Nani anajua?

Jumamosi ya sita Ado alikuja. Shati lilikuwa limemlegea mabegani. Marete alikuwa mbele akihudumia wateja, kwa hiyo Rahab alimpa karatasi wakiwa wawili tu.

"Halkano yuko karibu tayari. Imebaki hofu. Hiyo siwezi kukuandikia."

Ado aliyasoma maswali. "Na ile kumi na nane imeenda wapi?"

"Haihamishiki. Lakini naweza kumpa hofu ndogo, tuseme mbili. Itakuwa sawa na ile ya zamani."

"Mbili."

"Ni Halkano, Ado. Hajawahi kukimbia."

Ado alichukua kalamu, akaandika polepole, kisha akamgeuzia karatasi. Rahab alisoma: Anaogopa mlango ukigongwa. Alimkimbia Jirma. Hakuna anayejua.

"Ado, Jirma ni yule..."

"Aligonga. Nilimsikia akiita, mwalimu, fungua, mwalimu. Mlango wangu ndio pekee wa chuma pale shuleni, alijua. Nilikuwa nimeshika komeo kwa mikono miwili, Rahab. Nilishika hadi akanyamaza."

"Ungefungua mngekufa wote wawili."

"Labda. Lakini hayo niliyafikiria baadaye. Wakati ule sikufikiria chochote."

Marete aliingia, akasoma juu ya bega la Rahab. Hakulijua jina la mlinzi. "Hii ni poa sana!" alisema. "Huyu Jirma tumtumie leo. Arudi kama mzimu amtafute Halk..."

"Marete, toka nje," Rahab alisema.

Marete alitoka. Printa ya mbele ilikuwa ikitoa karatasi za mtu. Kisha Rahab akaweka kidole kwenye jibu la tatu.

"Hili si kweli tena. Mimi najua. Lakini si mimi wa kuambiwa. Jirma ana mke."

Ado aliinuka akaenda zake bila kuaga.

Jumatatu, baada ya masomo, alikwenda kwa Gumato, mjane wa Jirma. Alimkuta nje akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Alitoa salaam, akaitikiwa, akaanza kusema akiwa amesimama. Alisema yote, hata mikono miwili. Gumato hakuacha kazi yake.

"Nilijua," alisema.

"Nani alikuambia, mama?"

"Mlango. Mlisema damu ioshwe kabla watoto hawajarudi. Nani aliosha? Ni mimi. Alama za mikono yake zilikuwa kwa huo mlango wako, juu mpaka chini. Mtu hagongi hivyo nyumba akijua hakuna mtu."

"Mbona hukusema?"

"Shule iko na walimu wawili. Ningesema, ungehama. Nani angefundisha wasichana wangu? Nilinyamaza kwa ajili yao, mwalimu. Si kwa ajili yako."

Ado alichuchumaa mbele yake. "Nisamehe, mama."

"Hiyo usiniombe." Alipindua kibuyu, moshi ukatoka. "Nenda. Kesho masomo yaanze mapema."

Usiku na mchana wa wiki ile Ado alifikiria kuomba uhamisho wa kwenda Kinna, ambako alikuwa na binamu. Aliandika barua, akaichana. Alimpigia Rahab simu na kumweleza Gumato alivyosema, akamwambia asimtazamie tena Jumamosi. Rahab alitaka kujua kama angalau amepata nafuu.

"Hapana," Ado alisema. "Nilidhani nitapata."

Muhula ulikwisha, mwingine ukaanza. Gumato hakumsalimu tena, hata walipokutana kisimani. Mabinti zake wawili walikaa dawati la mbele, na kila asubuhi walisimama pamoja na wenzao kumwamkia mwalimu, naye aliwaambia waketi.